Kompyuta Isiyotamanika

Vasemaca alizaliwa na mkono usiojua kusema hapana. Akiwa na miaka saba aliombwa nafasi yake kwenye benchi la shule, akaitoa, akasoma mwaka mzima amesimama. Ndiyo maana miguu yake ni imara mpaka leo na hesabu zake ni fupi. Alipoolewa kisiwani, katika kijiji cha Nukuvadra, alikuja na sanduku moja na mikeka sita. Jumapili ya kwanza ilimkuta na mikeka miwili, na sanduku lilikuwa kwa wifi yake. Siku moja jirani alikuja kuomba kikaango wakati samaki bado anachemka ndani ya mafuta. Vasemaca akampa kikaango, samaki, na kijinga cha moto cha kumalizia. Na mwaka wa kile kimbunga kikubwa shemeji yake alimwomba mlango, kwa kuwa wake ulikuwa umekwenda na upepo. Nyumba ikakaa miezi mitatu bila mlango, na wageni wenye adabu wakawa wanabisha ukutani.

Hiyo ndiyo kerekere. Ndugu anakuja, anakaa chini, anasifu kitu chako, anasema naomba, na kitu si chako tena. Unakitoa kwa uso mkunjufu, na siku yako ya shida nawe utakwenda kukaa kwake. Vasemaca hakuwahi kunung'unika. Watoto wake watano walikua kwa nguo za watoto wa wenzake, na wa wenzake wakakua kwa za wake, na hakuna aliyekwenda kanisani uchi.

Kilichomtia hofu ni mguu wa mumewe.

Eparama alikuwa mpishi wa meli miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote alionja keki kuliko mchuzi. Kisukari kikamla vidole viwili vya mguu wa kushoto, kikaacha kidonda kisichotaka kufunga. Dakta Losalini wa Suva, mji mkuu ng'ambo ya bahari, akawaeleza wazi: mguu huo lazima auone kila Jumatatu, saa nne asubuhi, kwenye kompyuta, kwa picha safi ya kuonyesha rangi ya nyama. Kama haiwezekani, Eparama ahamie Suva, alale karibu na hospitali mwaka mzima au zaidi.

"Nikipanda meli hiyo," Eparama alimwambia mkewe, "nitarudi nimelala, na mtanipokea kwa nyimbo."

Alisema huku anacheka, lakini usiku ule hakumaliza magimbi yake, na Eparama kuacha chakula ni habari ya kupigiwa kengele.

Binti yao Asinate, aliyekuwa akifanya kazi Suva, akaleta kompyuta ya kupakata, nyembamba, inang'aa kama jino. Ilikaa Nukuvadra siku nne. Siku ya tano akaja binamu kutoka upande wa mlimani, akakaa chini, akaisifu. Asinate akaleta nyingine, bapa kama sahani ya bati. Hiyo hata nyumbani haikufika. Iliombwa gatini, ikapanda mashua iliyokuwa inaondoka, na watu wanasema ilipita pembeni ya Vasemaca ikampungia mkono.

Dakta Losalini akawapa mpaka mwisho wa mwezi. Basi Vasemaca akauza mikeka kumi na miwili aliyoisuka mwenyewe, akamwachia Eparama chungu cha majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, akapanda meli kwenda Suva kuchagua mwenyewe.

Alifika dukani kwa Rajneel Chand, nyuma ya soko, mahali ambapo kompyuta mpya zimepangwa mbele na mbovu zimerundikwa nyuma kama muhogo. Rajneel alikuwa mwembamba, ana kalamu tatu mfukoni, na miaka kumi na tisa ya kuuza.

"Karibu, mama. Unataka ya kazi gani?"

"Ya kuonyesha mguu."

Rajneel akafikiri kidogo, akaona si vibaya, akashusha moja kutoka rafu ya juu. "Hii ni nyepesi kama jani."

"Jani hupeperuka," Vasemaca akasema. "Irudishe."

"Basi hii. Chaji yake inakaa kutwa nzima bila kuchomekwa."

"Maana yake inaweza kwenda mbali. Hapana, mwanangu."

"Hii hapa ina rangi ya dhahabu. Wateja wote wanaitamani."

Vasemaca akarudi nyuma hatua mbili kama aliyeonyeshwa nyoka. Akazunguka duka zima, akapita zile zinazong'aa bila kuzitazama, mpaka akafika karibu na choo. Hapo palikuwa na sanduku la kompyuta la chuma, la kijivu, limepata kutu pembeni, limewekwa kuzuia mlango usijifunge. Akajaribu kulinyanyua. Likakataa.

"Hii ni ya nani?"

"Hiyo ni jiwe la mlango, mama."

"Inafanya kazi?"

"Inazuia mlango vizuri sana." Rajneel akavua miwani. "Mama, samahani. Nimeuza kompyuta tangu sina ndevu. Wewe ni wa kwanza kuniomba iliyo mbaya."

Ndipo Vasemaca akakaa juu ya katoni na kumweleza: mguu, Jumatatu, binamu wa mlimani, ile sahani iliyompungia mkono. Rajneel hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwake.

"Jirani yangu Mosese aliniomba mashine ya kukatia majani," akasema. "Mwaka wa tatu huu. Nikitaka kukata majani, naenda kuiomba kwake. Na ananiambia niirudishe mapema."

"Basi unanielewa."

"Nakuelewa mpaka kwenye mifupa."

Siku mbili zilizofuata Rajneel hakuuza kitu. Alifunga duka akafanya kazi. Lile sanduku la kutu akalitoa matumbo yote, akalitia matumbo mapya yenye akili. Kioo akakitafutia kasha la televisheni ya zamani, lile la mbao lenye miguu minne, akapachika kioo kipya ndani yake. Kamera ilimpa taabu, maana kamera ni kitu kidogo, na kitu kidogo huombeka haraka kuliko yote. Mwisho akaificha ndani ya tundu la kitufe cha kubadilishia stesheni, ikawa inachungulia humo kama kaa shimoni. Kutu ya nje akaiacha. Vasemaca alipoiona, akamwomba aongeze kidogo.

Ikabaki intaneti. Rajneel akaweka mezani kijisanduku cha ukubwa wa sabuni. "Hiki unatia laini tu, unakwenda nacho popote."

"Kinaingia mfukoni?"

"Kinaingia."

"Kitaingia mfuko wa mtu mwingine. Kingine?"

"Mnara wa simu. Kwenu mtandao unashika?"

"Simu za kuongea zinafika; intaneti inashika makaburini, kule juu ya kilima. Eparama anajitahidi asiende huko mapema."

"Basi ni dishi. Linapokea kutoka kwenye setilaiti, linafungwa juu ya paa kwa boliti nne."

"Funga nane," akasema Vasemaca. Mzigo ulipopakiwa, akamshika Rajneel mkono kwa mikono yake miwili, akakaa nao muda mrefu.

Fundi wa dishi alikuja kwa mashua wiki iliyofuata. Jina lake Jolame, pande la mtu, kicheko chake kilitangulia nusu saa kabla ya mashua. Kumbe alitoka kisiwa cha watani wao. Watu wa Nukuvadra na watu wa huko wana mzimu mmoja wa asili, kwa hiyo wanatukanana bila kugombana, na mtani akitaja kitu chako, ndugu wa kawaida hafui dafu mbele yake: hata kama umekivaa unakivua.

"Hapa ndipo kijiji," Jolame akauliza gatini, "au meli ilimwaga takataka?"

"Takataka ndiyo imeshuka sasa hivi," Eparama akamjibu kutoka barazani, mguu wake juu ya kiti. "Ina mkoba wa nyundo."

"Mtani, nyinyi babu zetu waliwaleta hapa ndani ya kapu. Kapu tunalo mpaka leo, na harufu haijatoka."

Akapanda paa, akafunga boliti nane, akaimba tangu ya kwanza hadi ya nane. Akashuka kuunganisha waya ndani. Vasemaca alikuwa ameifunika ile kompyuta kwa kitambaa, juu ya kitambaa ameweka maua ya plastiki, juu ya maua picha ya marehemu mama mkwe, mwanamke aliyeogopwa hata na mbwa. Jolame akatega sikio.

"Televisheni yako hii, mtani, kutu ni ya bibi lakini inapumua kama msichana."

Fundi anajua kilicho ndani. Mtani hakataliwi. Vasemaca akasimama kati ya fundi na kasha, akijua kwamba hata akisimama hapo mpaka Krismasi haitasaidia.

Jolame akamtazama, akautazama mguu wa Eparama kwenye kiti, akajikuna shingo. "Naomba kofia hiyo ya mzee," akasema. "Na kichwa cha nguruwe, kama kipo."

Akaondoka amevaa kofia ya Eparama, ile ya mpishi mkuu, na kichwa cha nguruwe kwenye jani la mgomba. Vasemaca akalala usingizi mzuri siku hiyo. Alidhani shida imekwisha.

Sasa, kutu inaweza kulinda sanduku, lakini ni nani aliyewahi kutia kutu kwenye hewa? Kesho yake asubuhi akaja mwenyekiti wa kijiji, mzee Inoke. Akakaa chini, akalisifu dishi. Hakuliomba dishi, maana angelipeleka wapi. Aliomba neno la siri la intaneti tu, mjukuu wake ana masomo. Vasemaca akampa. Adhuhuri akaja wifi yake, yule aliyebaki na sanduku lake. Jioni ikaja kwaya, sauti zote nne. Kufikia Jumamosi neno la siri la Vasemaca lilijulikana kuliko Baba Yetu, na vijana wa kijiji jirani walikuwa wanakaa ndani ya mtumbwi mbele ya nyumba yake wakijifanya wanavua.

Jumatatu saa nne Eparama akaogeshwa mguu, akalazwa chali mkekani, mguu ukainuliwa mbele ya kile kitufe. Dakta Losalini akatokea. Akasema, "Habari za..." na hapo akaganda, mdomo wazi kama samaki wa barafuni. Dakika tano. Akarudi, akasema "mguu," akaganda tena. Nje, nyumba nzima ya mzee Inoke ilikuwa inashangilia mechi ya raga iliyochezwa mwaka juzi.

Mwishowe daktari akampigia Vasemaca kwenye simu yake ya vitufe. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimtisha Vasemaca kuliko ukali.

"Mama Vase, nilichokiona ni kitu chenye rangi ya muhogo. Sijui kama ulikuwa mguu au muhogo. Siwezi kutibu hivyo. Jumatatu ijayo nisipouona, Jumatano apande meli."

Vasemaca akaweka simu. Eparama alikuwa bado chali, mguu juu.

"Amesemaje?"

"Amesema Jumatatu ijayo."

"Na Jumatatu ijayo ikishindikana?"

Mkewe akaanza kukunja kitambaa, ingawa kilikuwa kimeshakunjwa.

Akatuma ujumbe kwa Jolame, aliyekuwa bado upande wa pili wa kisiwa anafungia watu madishi. Jumamosi akaja, na kofia kichwani. Akapanda, akapima, akashuka.

"Dishi zima kabisa. Ila mmechimba kisima kimoja mnanywesha ng'ombe mia. Badilisha paswedi."

"Nikibadilisha, wataniomba mpya."

"Uwakatalie."

Vasemaca akamtazama kama aliyeambiwa aruke. "Nimewahi kutoa mlango, mtani. Neno hapana naanzaje kulisema leo, na umri huu? Na mwakani tukipata msiba, nani atanipikia?"

Jolame akaomba magimbi mengine, na tui zaidi.

Jumapili baada ya ibada, nyumba zote zikafungua matanuri ya ardhini, watu wakala mpaka wakaanza kuhema, kisha wakakusanyika kwa mzee Inoke kuzunguka bakuli kubwa la yaqona, kile kinywaji cha mizizi ya kulegeza mwili. Vasemaca alikaa karibu na mlango. Jolame akaingia na kifungu kikubwa cha mizizi ya yaqona, kimefungwa kwa heshima, kama cha kuombea jambo zito. Badala ya kukipeleka kwa mwenyekiti, akapiga magoti mbele ya Vasemaca, akakiweka miguuni pake. Watu wakageuka kutazama. Mtani haleti kifungu kama hicho kwa ajili ya kichwa cha nguruwe.

"Mtani wangu," Jolame akasema, na safari hii hakucheka, "nimekuja na ombi. Nyumbani kwako nimeona kitu kizuri. Kina sura mbaya nje, ndani ni kizima. Nimekiwaza wiki mbili."

Vasemaca akaona kompyuta inakwenda. Akaiona kabisa, inabebwa na vijana wanne kuteremka gatini, na nyuma yake Eparama. Akainamisha kichwa. Mikono yake, iliyotoa kila kitu maisha yake yote, ikawa mizito.

"Naomba Jumatatu," akasema Jolame.

Hakuna aliyeelewa. Hata nzi walitua.

"Naomba Jumatatu yako ya intaneti. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana. Ya kesho, na ijayo, na zote zitakazofuata. Hewa yote ya dishi lako kwa saa hizo, usibakize hata kipande."

Vasemaca akainua uso. Alichelewa kidogo kuelewa, kisha akaelewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Akapiga makofi ya heshima, mikono imekunjwa kama kikombe, matatu, taratibu, ili kila mtu asikie.

"Chukua, mtani. Jumatatu ni yako."

Mzee Inoke akakohoa. "Lakini Jumatatu asubuhi mimi huwa naangalia..."

"Mzee wangu," Jolame akamgeukia, kicheko kimerudi, "ukitaka Jumatatu usimsumbue mama wa watu. Ameshaitoa, hana. Uje kuniomba mimi. Kwetu ni karibu, siku mbili za bahari, na ukija, kapu lenu bado lipo."

Nyumba nzima ikaanguka kwa vicheko, na mzee Inoke akacheka kuliko wote, maana hakuwa na njia nyingine. Kila mmoja pale alijua: kitu cha mtani hakiguswi. Anayekigusa huvimba tumbo, na wapo wanaoapa walimwona babu fulani aliyevimba mpaka akaelea.

"Na kwa kuwa mimi ni mtu wa safari," Jolame akamwambia Vasemaca, "sina pa kuiweka. Nitunzie. Itumie isije ikaoza."

Kesho yake, saa tatu kasoro, mzee Inoke mwenyewe alipita nyumba hadi nyumba. Simu zikazimwa, zikafunikwa na mito. Mtumbwi wa vijana ukatoweka. Kijiji kikatulia hivi kwamba jogoo wa wifi yake Vasemaca alianza kuwika, akajisikia mwenyewe, akaona aibu, akaishia katikati.

Dakta Losalini akatokea, safi, mpaka hereni zake zilionekana.

"Sogeza kidogo. Geuza. Hapo hapo, mama." Akasogeza uso karibu na kioo. Vasemaca alishikilia kisigino cha mumewe kwa mikono yote miwili. "Ile rangi ya waridi pembeni, unaiona? Hiyo ni nyama mpya. Inafunga. Meli haihitajiki. Tuonane Jumatatu."

"Dakta," Eparama akaita kutoka sakafuni, "uangalie na wa kulia, usije ukaona wivu."

Vasemaca akatoka barazani akakaa kwenye ngazi. Hakulia; alikaa tu, anakitazama kijiji kilivyonyamaza kwa ajili yake, nyumba kwa nyumba, hata ile yenye mlango wake.

Tangu siku hiyo kila Jumatatu, kabla ya kuwasha kompyuta, hugeukia upande wa bahari akapiga makofi yake matatu. Alisuka mikeka miwili ya mkadi laini, yenye mashada ya sufi nyekundu ukingoni, kazi ya miezi minne. Mmoja akaupeleka Suva kwa Rajneel, ambaye kwa busara ameutandika juu kabisa ya rafu, upande ambao Mosese haoni. Wa pili ulikuwa wa Jolame.

Jolame alirudi mwaka uliofuata, mwezi wa magimbi mapya. Kicheko kilipoanza kusikika baharini, Eparama alivaa kandambili, akashuka gatini kwa miguu yake, bila fimbo, akimtangulia mkewe aliyebeba mkeka.

"Jumatatu yangu ipo?" Jolame akauliza kabla hajakanyaga nchi kavu.

"Ipo," Vasemaca akasema. "Haijachakaa hata pembeni."

Eparama akamsogelea, akakaa chini pale pale kwenye mbao za gati, akamtazama kichwani kwa muda, akaanza kuisifu ile kofia.